Nilipata pointi 1.75, mama akapika pilau!

Leo naomba tuziweke kando soga zetu za kila siku, maana nina deni linalonikaba koo na lazima nilitoe.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye hafla moja pale Sinza. Binti wa jirani yetu wa zamani alikuwa anaagwa, anakwenda Unyamwezini kusoma. Kila kitu kilikuwepo: muziki, kuku, MC mwenye maneno mengi kuliko maspika yake, na wazee wa kutoa nasaha. Mmoja akamwambia anunue koti zito. Mwingine akamkumbusha abebe dagaa na unga wa muhogo. Shangazi yake akamsihi asije akarudi na Mzungu. Binti anatabasamu tu, anaitikia, "Sawa shangazi, sawa baba mkubwa."

Ikafika zamu yangu, kwa kuwa mimi nimewahi kukaa huko. Nikasimama, nikababaika, nikasema "nakutakia kila la heri", nikakaa. Watu wakapiga makofi. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na jambo la kumwambia yule binti, tena kubwa kuliko koti na dagaa, ila ningelisema pale mbele za watu wangenicheka mpaka asubuhi. Ndiyo maana naliandika hapa. Najua gazeti hili analisoma, na safari yake ni Agosti.

Jambo lenyewe ni hili: Kiingereza ulichofaulia shuleni na Kiingereza cha chuo cha kule ni ndugu wasioelewana. Maneno ni yale yale, maana zimehama nyumba. Na ukiona aibu kuuliza, itakutokea puani kama ilivyonitokea mimi.

Kiwanja chapanda ndege

Niliondoka Dar Agosti 2017. Form six nilisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, na hicho Kiingereza ndicho nilichokuwa natambia mtaani. Pale Magomeni Mapipa mtu akipata barua ya Kiingereza ananiletea mimi nimsomee. Nilikuwa nasoma huku nimekunja nne, utadhani wakili.

Mama alikuwa na kiwanja chake Kivule, alichokinunua kidogo kidogo kwa hela ya cherehani. Akakiuza. Mjomba anayeishi Houston, Texas, akasema mtoto aje, atalala kwangu, ada tutasaidiana. Siku ya safari, pale uwanja wa ndege, mama hakulia. Alinishika bega akasema, "Haya mwanangu, kiwanja changu ndicho hicho kinapanda ndege. Kiangalie."

Chuo nilichopelekwa ni cha aina ambayo wenyewe wanaiita community college, hebu sisi tukiite chuo cha jamii. Washikaji wa kijiweni walinicheka, eti nimevuka bahari kwenda kusoma chuo cha kata. Niliwasamehe, hawakujua. Vyuo hivi vingi ni vya umma, na kikongwe chao kipo mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka 1901. Ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, ingawa mgeni analipa zaidi ya mwenyeji. Unasoma miaka miwili ya mwanzo, unapata shahada ndogo, kisha ukitaka unahamia chuo kikuu kumalizia. Darasani kulia kwako amekaa mtoto wa miaka 18, kushoto amekaa bibi mwenye wajukuu. Hakuna anayemshangaa mwenzake.

Houston yenyewe ilinipokea kwa joto kama la Dar, nikajiona nipo nyumbani. Nikasema moyoni, hapa nitatesa tu. Kumbe!

"Yes, yes" iliyoniponza

Siku ya kujiandikisha nilikaa mbele ya mama mmoja wa makamo, mpole, mshauri wa wanafunzi. Akaniambia ninahitaji krediti 12 kila muhula.

Moyo ukapiga paa! Wewe msomaji unajua kwetu krediti ni nini. Ni ile C kwenda juu kwenye cheti cha kidato cha nne. Nikajiuliza, masomo 12, yote nipate C au zaidi, ndani ya miezi minne? Hawa watu wana roho gani? Lakini kumuuliza ningeonekana mshamba. Nikatikisa kichwa kwa madaha: "Yes, yes."

Kumbe mwenzangu, krediti ya kule ni kipimo cha uzito wa somo. Somo la krediti 3 maana yake unakaa darasani saa 3 kwa wiki, na kwa kila saa ya darasani unategemewa ukajisomee saa 2 peke yako. Krediti 12 kwa kawaida ni masomo manne. Piga hesabu: saa 12 za darasani, saa 24 za kujisomea, jumla saa 36 kwa wiki. Hiyo ni ajira, bwana! Shahada ndogo ni krediti 60 hivi, na shahada kamili ya chuo kikuu ni 120 hivi. Ningeuliza ningejibiwa kwa dakika mbili. Sikuuliza, nikaja kuielewa hesabu hiyo baada ya miezi saba.

Basi maneno yakaanza kunichezea shere moja baada ya jingine. Kwetu kozi ni masomo yote unayosomea, mtu anasema "nipo kozi ya uhasibu." Kule kozi ni somo moja tu. Kijana mmoja tuliyekaa jirani akaniuliza meja yangu ni ipi. Nikamwambia jeshini nimepita JKT miezi mitatu tu baada ya form six, umeja sikuufikia. Alicheka mpaka akagonga meza, akidhani nina utani mwingi. Kumbe meja ni fani unayokusudia kubobea.

Hayo ya kuchekesha. Sasa sikia yaliyoniumiza.

Siku ya kwanza ya kila somo tuligawiwa karatasi za silabasi. Kwetu silabasi ni kitabu cha Wizara, ni mali ya mwalimu, mwanafunzi hakimhusu. Nikazikunja zote nne vizuri, nikaziweka chini ya begi la nguo. Ndani ya karatasi zile kulikuwa na tarehe ya kila jaribio, kila insha ina alama ngapi, na ukichelewa siku moja unakatwa kiasi gani. Mimi nasubiri mwalimu atangaze kama alivyokuwa anafanya mwalimu wetu wa historia: "Jamani, insha Ijumaa!" Hakuna aliyetangaza. Siku moja naona wenzangu wote wanakabidhi insha, mimi mikono mitupu. Kijasho chembamba kikanitoka.

Kisha kuna hili la saa za ofisi. Kwenye kila silabasi profesa ameandika "Office Hours", Jumanne na Alhamisi saa fulani. Mimi nikaelewa kwamba huo ndio muda profesa yupo kazini kwake, ana shughuli zake, asisumbuliwe. Isitoshe, kwetu profesa ni mtu aliyepanda ngazi mpaka nywele zimekwisha. Huendi tu kumgongea mlango. Nikawa nikipita koridoni kwake saa hizo natembea kwa kunyata, nisimsumbue mzee wa watu. Kumbe ni muda aliotenga kwa ajili yangu! Anakaa peke yake pale, mlango wazi, anasubiri mwanafunzi aje aseme, "Hapa sijaelewa." Na kule hata mwalimu mwenye shahada ya uzamili anaitwa profesa kwenye vyuo hivi. Muhula mzima nilimnyatia mtu aliyekuwa ananingoja.

Pilau la Magomeni

Jaribio la kwanza la sosholojia nilipata 68. Ee bwana ee, nilishangilia! Kwenye mtihani wetu wa kidato cha nne 68 ni B safi. Nikamnunulia mjomba soda. Mjomba amekwenda kule siku nyingi, amebeba maboksi miaka yote, chuo hajakanyaga. Akafurahi na mimi. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba kwenye vyuo vingi vya kule 60 mpaka 69 ni D.

Desemba matokeo yakatoka kwenye kompyuta. Nikaona B moja, C moja na D mbili. Hakuna F. Nikasema ah, nimefaulu yote, D kwetu si pasi? Chini yake pameandikwa GPA, na mbele yake 1.75.

Hapo ndipo akili yangu ya Kitanzania ilipofanya kazi yake. Wewe unajua, kwetu pointi zikiwa chache ndiyo umeua. Pointi 7 kidato cha nne ni divisheni wani ya kilele. Form six ukipata pointi 3 hakuna aliye juu yako. Sasa mimi nina 1.75! Hata hiyo tatu nimeipita kwa chini!

Nitasema ukweli, msomaji wangu. Kuna sauti ndogo ilininong'oneza: "Hizi D mbili na hii 1.75 mbona hazifanani?" Niliisikia. Lakini nilikuwa nimechoka, nimekumbuka nyumbani, nimekaa miezi minne bila kusikia mtu akinisifia. Nikaizima ile sauti, nikapiga simu.

"Mama, nimepata pointi 1.75."

"Ngapi?"

"Moja nukta saba tano."

Upande wa pili nikasikia kigelegele. Mama anajua divisheni, amesomesha watoto watatu. Jumapili yake akapika pilau, akaita majirani, akawaambia kiwanja cha Kivule kimeanza kuota. Dada yangu akanitumia picha kwenye WhatsApp: sinia tatu, watu wamejaa barazani, mama amevaa khanga mpya. Ile picha niliiangalia kila siku kabla ya kulala.

Januari 2018 ikaja barua. Imeandikwa kwamba kwa kuwa GPA yangu ipo chini ya 2.0, nipo kwenye probesheni. Chini ya 2.0? Nikaisoma mara mbili. Nikajipa moyo: probesheni si ndiyo ile ya kazini, mfanyakazi mpya anawekwa miezi kadhaa ya majaribio kabla hajathibitishwa? Basi na mimi ni mwanafunzi mpya. Nikasaini, nikarudisha.

Ukweli ni kwamba GPA ni wastani wako. A ina pointi 4, B 3, C 2, D 1, F sifuri. Unazidisha pointi kwa krediti za kila somo, unajumlisha, unagawanya kwa krediti zote. Juu kabisa ni 4.0. Kubwa ndiyo nzuri. Mimi na 1.75 yangu nilikuwa naburuza mkia, na ile barua ilikuwa inaniambia ukirudia tena, tunakutoa. Kwa lugha ya vyuo vya kwetu, nilikuwa nachungulia kudisko.

"Usifinye hiyo kitu!"

Muhula wa pili nikachukua tena masomo manne, moja likiwa aljebra. Mimi mtu wa HGL, hesabu mara ya mwisho nilizishika kidato cha nne, tena kwa koleo. Kufikia Machi nilikuwa nimefeli majaribio mawili. Nikaamua kulitema lile somo.

Nikaenda chumba cha kompyuta pale maktaba, nikafungua ukurasa wangu. Nikaona maneno mawili. La kwanza "Drop". Hilo nikaliogopa, linanuka kudondoka na kudisko. La pili "Withdraw". Loo, hilo nalijua! Si ndilo lile la benki, mtu anakwenda kutoa hela zake? Nikaona hawa watu waungwana, nabonyeza hapa natoa ada ya somo hili, namrudishia mama sehemu ya kiwanja chake. Nikasogeza mkono.

Pembeni yangu alikaa dada mmoja wa Kikenya, mtu mzima, anasomea uuguzi. Tulikuwa tunasalimiana tu. Aliruka kama ameona nyoka.

"Wee! Usifinye hiyo kitu!"

Nikaduwaa. Kwetu kufinya ni kumminya mtu kwa vidole. Nimfinye nani? Kumbe kwao kufinya ndiyo kubonyeza. Yaani hata Kiswahili chenyewe kilikuwa kinataka kuniponza!

"Kijana, wewe si uko hapa na visa ya mwanafunzi?"

"Ndiyo dada."

"Una masomo mangapi?"

"Manne."

"Ukitoa moja unabaki na krediti ngapi?"

"Tisa."

"Na umeambiwa zisipungue ngapi?"

Nikanyamaza.

Akavuta kiti chake, akanieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mdogo wake. Kudropu ni kuliacha somo siku za mwanzo kabisa. Kule Texas, kwenye muhula mrefu, ukiliacha kabla ya siku ya 12 ya masomo halionekani tena kwenye kumbukumbu zako. Ukishapita hapo unaitwa umejitoa, na herufi W inakaa kwenye transkripti yako, ile karatasi yenye matokeo yako yote, inayokufuata chuo kwa chuo. Hela yenyewe inarudishwa siku za mwanzo tu, tena inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Machi ile hapakuwa na senti ya kurudi.

"Na hiyo si mbaya sana," akasema. "Mbaya ni hii. Mgeni mwenye visa kama yako lazima awe na krediti 12 kila muhula. Ukishuka bila ruhusa ya mshauri wa wanafunzi wa kigeni, wanaandika umevunja masharti. Faili yako ya uhamiaji inafungwa. Utaenda nyumbani, na hiyo pesa yote imeenda."

Nilihisi chumba kinazunguka. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kile kipanya cha kompyuta. Nikaukumbuka mkono wa mama begani pale uwanja wa ndege. Chozi likanitoka, mwanaume mzima, maktaba, mbele za watoto wa watu. Nikamwambia yote: insha niliyokosa, D mbili, barua ya probesheni, na pilau.

Aliposikia habari ya pilau alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Tukacheka wote, mimi machozi yananitiririka. Kisha akanishika mkono wa shati. "Twende."

Mlango uliokuwa wazi

Alinipeleka mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni, akakaa nami kwenye foleni. Mshauri wa pale alinisikiliza, hakunicheka. Akaniambia sheria yenyewe ina kamlango: mgeni anayehangaika mwanzoni mwa masomo, au aliyepangiwa darasa lisilo la kiwango chake, anaweza kuruhusiwa kupunguza, ila ruhusa itangulie kabla hajaacha somo, na asishuke chini ya krediti 6. Lakini kabla ya hapo akaniuliza swali moja: umeshakwenda kumwona profesa wako saa za ofisi? Umeshakwenda kituo cha hesabu, wanakofundisha bure?

Bure? Nikamuuliza mara mbili. Ndiyo, bure. Gharama yake imo humo humo kwenye ada.

Nikatoka pale nikaenda kumwona mzee wa aljebra, mwanaume mkimya mwenye miwani. Nilisimama mlangoni nikaomba radhi kwa kumsumbua. Akaondoa mkoba kwenye kiti nikae. Tukaanza na sehemu, zile za darasa la sita. Nilimwona kila Jumanne na kila Alhamisi mpaka Mei.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko aljebra. Jumapili ile, kwangu saa sita mchana, Dar saa mbili usiku, nikapiga simu.

"Mama, ile 1.75 ilikuwa mbaya."

"Mbaya vipi? Si ndogo?"

"Huku kubwa ndiyo nzuri. Mwisho ni nne."

Kimya. Nikadhani simu imekatika. Nikamweleza yote, na kuhusu visa pia. Nikasubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

"Pilau limeshaliwa," mama akasema hatimaye. "Halirudi sufuriani. Majirani nitajua mwenyewe la kuwaambia. Sasa niambie, ulipokuwa hujui, kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya nani? Hao watu unawajua?"

Sikuwa na jibu.

"Na huko kuuliza mnalipia?"

"Tumeshalipia, mama. Imo kwenye ada."

"Ala! Kiwanja changu kimelipia watu wa kukujibu, wewe unawapita unanyata? Kesho nenda ukaulize mpaka wakuchoke."

Nikaenda. Mei nilipata B mbili na C mbili, moja ya hizo C ni ya aljebra, naipenda kuliko hizo B. Muhula ule ulinipa 2.5, na ukichanganya na ule wa kwanza ikawa 2.125. Probesheni ikaondolewa. Mwaka 2019 nikakamilisha krediti zangu, nikahamia chuo kikuu, nikamaliza 2022. Kiwanja cha mama sijakirudisha bado, bei ya Kivule ya leo si ile ya 2017. Lakini nipo, na sikurudishwa njiani. Yule dada sasa ni muuguzi kule kule, na kila Krismasi nampigia. Salamu yake ni ile ile: "Umefinya nini tena?"

Kwa binti wa Sinza

Mdogo wangu, koti si lazima ulinunue huku, hata kule yapo. Ila haya yaandike kwenye daftari kabla hujapanda ndege.

Silabasi ni yako, isome yote siku ile ile uliyopewa, tarehe zake zibandike ukutani. Saa za ofisi ni zako, nenda hata kama huna swali, kajitambulishe. Kozi ni somo moja. Krediti ni uzito wa somo, na wewe mwenye visa ya mwanafunzi zako zisipungue 12, tena masomo ya kwenye mtandao yanayohesabika humo hayazidi moja. GPA kubwa ndiyo nzuri. Sitini na nane si B. Probesheni ni onyo. Kujitoa kwenye somo hakutoi hela, na kabla hujabonyeza chochote nenda kwanza ofisi ya wageni.

Ukikutana na neno unalodhani unalijua, hilo ndilo la kuuliza zaidi. Neno usilolijua kabisa utalitafuta tu kwenye kamusi, halina shida. Lile unalolijua ndilo litakalokupikisha pilau la bure.

Na siku ukiambiwa jambo hukuelewa, usitikise kichwa ukasema "yes, yes" kama mimi. Sema "sijaelewa, nieleze tena." Kule hakuna atakayekucheka, na akikucheka, mwache, wewe umelipa.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.